Kuhusu samansi ya juri Marekani kwa mama anayenyonyesha

Dada, hongera kwa mtoto. Umeuliza ufanyeje: uko Marekani, mwanao ana miezi minne, hajazoea chupa, na umeletewa samansi ya kwenda kukaa kwenye juri, yaani kundi la raia wanaosikiliza kesi mahakamani na kuiamua. Cha kwanza, usiiweke kabatini. Asiyejibu anaweza kutozwa faini, na mahakama haina namna ya kujua unanyonyesha mpaka uiandikie.

Kabla ya yote, je, wewe ni raia? Majina huchotwa kwenye daftari la wapiga kura na, katika majimbo mengi, kwenye orodha ya leseni za udereva, hivyo samansi humfikia hata mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ambaye si raia. Kama hujawa raia, weka alama mahali panapouliza hivyo, rudisha fomu, habari ya kunyonyesha huihitaji tena. Usijiandike raia kwa woga. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia mlango wa uhamiaji moja kwa moja.

Ukiwa raia, tazama kichwa cha barua, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Barua ikitoka United States District Court, hiyo ni mahakama ya shirikisho, na sheria ya jimbo lako haiibani. Sheria ya shirikisho haisemi lolote kuhusu kunyonyesha; inaruhusu kusamehewa kwa sababu ya ugumu uliopitiliza, na kila wilaya ya mahakama hizo ina utaratibu wake. Mpigie karani wa mahakama umuulize.

Ikitoka mahakama ya jimbo, mambo hutofautiana sana. California, kanuni ya mahakama namba 2.1006 inakupa kuahirishiwa hadi mwaka mmoja, na unaweza kuomba tena maadamu bado unanyonyesha. Ukiomba kwa maandishi, ukatamka kwamba unajua adhabu ya kiapo cha uongo, wanalazimika kukubali bila kukuita mahakamani. Oregon na Virginia unasamehewa ukiomba. Oregon lazima uandike. Idaho na Kansas huahirisha mpaka mtoto aache ziwa. Michigan wanataka barua ya daktari, mkunga aliyesajiliwa au mshauri wa unyonyeshaji. Iowa sheria inamtazama mama asiye na ajira ya kudumu nje ya nyumba, jambo ambalo kwa maoni yangu linamwonea mama mfanyakazi, kwa kuwa titi lake hujaa vilevile.

Barua yenyewe iwe fupi: jina, namba ya juri iliyo kwenye samansi, tarehe uliyoitwa, umri wa mtoto, ananyonya kila baada ya saa ngapi, kwamba hatumii chupa, na unaomba mpaka mwezi gani. Andika waziwazi kwamba unanyonyesha. Ukiandika tu "nina mtoto mdogo", karani atakuweka kwenye fungu la walezi, ambako masharti ni mengine na huenda ukaambiwa utafute yaya. Jimbo lako likiwa halina kifungu cha kunyonyesha, omba kwa sababu ya ugumu na uambatishe barua ya daktari hata kama hawakuidai. Baki na nakala.

Kutuma ombi si kukubaliwa. Kama siku inakaribia na hujajibiwa, piga simu, uandike jina la aliyekujibu. Ukikosa jibu kabisa, nenda.

Ukilazimika kwenda, mwambie karani asubuhi ileile, kabla hujaingizwa ukumbini, kwamba utahitaji chumba chenye faragha na soketi ya umeme, na choo si mahali pa kukamulia. Jaji akianza kuwauliza wanajuri maswali ya kuwachuja, nyoosha mkono useme tena. Anaweza kukuachilia papo hapo. Mapumziko ya mahakama hufuata kesi, hayafuati titi, kwa hiyo omba yapangwe kila baada ya saa tatu hivi. Ukikaa muda mrefu bila kukamua, ziwa huvimba, mirija huziba, na homa inaweza kufuata. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, au saa 24 kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu. Mwambie mlinzi wa mlangoni kwamba umebeba pampu ya kukamulia maziwa kabla hajapitisha begi kwenye mashine.

Hatua ya kuamua kesi ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu wanajuri hawaruhusiwi kujadili mmoja wao akiwa nje. Unapotoka kukamua, wote wanasimama kukungoja. Mkumbushe jaji hilo kabla hujaapishwa, maana ukishaapa, kukutoa kunaweza kumlazimu atafute mwanajuri wa akiba.