Barua kwa mwanangu: kuhusu jiwe lako la Idar-Oberstein

Mwanangu Neema,

Umeniuliza fuwele ziliingiaje ndani ya jiwe ulilonunua huko Ujerumani ilhali halina hata tundu. Mimi ningeanza na swali jingine: una hakika lina uwazi?

Maana fuwele haziingii, zinaota humo humo. Zaha ya volkano ikipoa, mapovu ya gesi hunaswa ndani yake kama matundu ya andazi. Baadaye maji yenye silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, hupenya kwenye vinyufa vya mwamba na kuiacha ukutani, utando juu ya utando. Kwanza akiki, lile jiwe la mistari mistari, kisha fuwele, ncha zikielekea katikati kwa kuwa huko ndiko kwenye nafasi. Chuma kidogo na mionzi ya mwamba wenyewe huzipa zambarau. Ndiyo amethisto ya kwenye Ufunuo, kito cha kumi na mbili katika misingi ya Yerusalemu mpya. Jiwe halina haraka, nimekuambia tangu unavaa sare.

Lako huenda hata si la huko. Karne ya 19 watu wa mji huo wa Idar-Oberstein walihamia Brazili, wakakuta akiki tele katika jimbo la Rio Grande do Sul, na mawe yakaanza kusafirishwa kwenda kuchongwa kwao.

Sasa langu unalijua, vile vipande viwili vinavyozuia mlango wa uani. Mama yako husimulia kwa namna yake. Dalali mmoja aliniletea pale Arusha, nikalilipia kwa pesa ya bati za jikoni. Nililipima mkononi nikaliona jepesi. Nilitaka liwe jepesi! Nikaita majirani, nikapiga nyundo. Akiki mpaka katikati, uwazi hata wa punje ya maharage hakuna. Maji yalikuwa yameendelea na kazi yake hadi yakaziba. Mama yako akasema, "Bati zangu hizo." Masika ile tulipikia sebuleni.

Nilidanganywa? Dalali naye hakuwa na macho ya kuona ndani ya jiwe. Lakini mbona aliondoka kabla sijashika nyundo? Basi, tuseme kosa ni langu. Mtu niliyeuza tanzanaiti miaka yote ile, ninayejua kwamba bluu nyingi ilikuwa kahawia kabla ya kupikwa kwenye tanuri, nilishindwa kutafuta ndoo.

Ndoo, ndiyo. Lipime kwenye mizani, kisha lizamishe kwenye ndoo iliyojaa hadi ukingoni, ukinge maji yanayomwagika. Gawanya kilo za jiwe kwa lita za maji hayo. Akiki na fuwele hizo zina kilo 2.6 hivi kwa kila lita. Lako likiwa pungufu sana ya hapo, kuna uwazi.

Kuhusu kulipasua au kuliacha, sisemi. Jiwe halina haraka. Ningekuwa mimi, ningeli... hapana, nimesema sisemi. Ila nyundo usiguse. Mpelekee mwenye msumeno wa almasi, na bei yake usimtajie mama yako.

Baba yako