Maswali na Majibu: Sayansi Hugeuka Lini Hasa?

Kwa nini ugunduzi mkubwa haupokelewi palepale? (Mwalimu, Iringa)

Mara nyingi ni kwa sababu ushahidi upo lakini maelezo ya jinsi jambo linavyotokea hayapo. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alisema mabara yaliwahi kuwa nchi kavu moja, kisha yakaachana. Alionyesha visukuku vya mnyama yuleyule, Mesosaurus, kusini mwa Afrika na Brazili. Wenzake wakamuuliza: nguvu gani inasukuma bara zima? Hakuwa na jibu la kuridhisha, na alifariki Greenland mwaka 1930 wengi wakiwa bado wanampinga. Mambo yalibadilika baada ya meli kuanza kupima usumaku wa sakafu ya bahari. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walitumia vipimo hivyo kueleza kwamba sakafu mpya huzaliwa katikati ya bahari na kusogea pande zote mbili.

Je, Afrika Mashariki nayo imewahi kugeuza sayansi? (Mwanafunzi, Tanga)

Imegeuza, tena kwa kishindo. Tarehe 17 Julai 1959, mtafiti wa mabaki ya kale Louis Leakey akiwa anaumwa kambini, mkewe Mary aliona mfupa umechomoza ardhini kule Olduvai. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wataalamu wengi walitafuta asili ya binadamu Asia, wakiegemea mabaki ya watu wa kale yaliyopatikana Java (Indonesia) na Peking (China).

Louis alikadiria kuwa fuvu lina miaka kama 600,000. Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakatoa majibu ya kupima majivu ya volkano ya tabaka lile. Sehemu ya potasiamu iliyomo kwenye madini hugeuka taratibu kuwa gesi ya agoni. Volkano inapolipuka, joto huitoa gesi ya zamani, kwa hiyo inayokutwa ndani leo imekusanyika tangu siku ya mlipuko. Jibu lilikuwa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio! Kwangu mimi, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mary Leakey anastahili sifa zake zote, lakini inaniuma kwamba watoto wetu wanafundishwa habari za fuvu bila kuambiwa umri wake ulijulikanaje.

Ni kweli kuna daktari aliyekunywa bakteria makusudi? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli. Barry Marshall wa Australia alikunywa mwaka 1984, na siku chache baadaye akaanza kutapika. Kipimo kikaonyesha ukuta wa ndani wa tumbo umevimba. Wakati huo vidonda vya tumbo vilihusishwa zaidi na asidi na msongo wa mawazo, lakini yeye aliamini vinaletwa na bakteria hao. Hata hivyo kikombe kile hakikutosha kuthibitisha hilo, maana Marshall hakupata kidonda. Kilichobadilisha tiba ni majaribio ya baadaye: wagonjwa waliopewa antibiotiki, kwa wengi vidonda havikurudi. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Na akili mnemba, nayo imegeuza sayansi? (Msomaji, Bujumbura)

Kwenye utafiti wa protini, ndiyo. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilitabiri maumbo ya protini nyingi kwa usahihi unaokaribia ule wa maabara, na Nobel ya kemia ya 2024 ikalitambua hilo. Usahihi huo ulithibitika kwa sababu maumbo yale yalikuwa yamepimwa maabara lakini hayajatangazwa, hivyo utabiri ukalinganishwa na ukweli. Fani nyingine zinazotangaza mapinduzi, ziulizwe kwanza zimelinganishwa na nini.