Kabla Hujalalamika Kwamba Saiwa Haina Wanyama

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia kwa hasira kwamba alikwenda Saiwa, mbuga ya kinamasi karibu na Kitale, kwa sababu ya sifa nilizoimwagia, akazunguka kwa saa mbili, akatoka bila kuona mnyama yeyote isipokuwa tumbili mmoja. Nilipomuuliza alifika saa ngapi, akajibu kwamba aliingia saa sita mchana. Sikumcheka, maana kosa hilo nilishalitenda mimi, tena mbele ya watu.

Ilikuwa Aprili, miaka mitatu iliyopita, nilipowashawishi walimu wenzangu tuchange pesa, tukodi matatu kutoka Kisumu hadi Kitale, kisha tushike barabara ya Kapenguria. Niliwaahidi nzohe, yule swala wa majini ambaye kwa ajili yake mbuga hii ilitengwa mwaka wa 1974, nayo ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini, kwani haizidi kilomita tatu za mraba. Tuliingia saa tano, jua likiwa kali baada ya mvua ya usiku, mmoja wetu akiwa amebeba spika na wengine wamevaa viatu vya kanisani, ilhali Saiwa hutembelewa kwa miguu tu. Tuliona matete, tukala pilau, tukarudi. Jumatatu nilikuta kwenye kikundi cha WhatsApp picha ya mbuzi iliyoandikwa “Nzohe wa Mwalimu”. Jina hilo limenishika hadi leo, nami hujilazimisha kucheka.

Januari iliyofuata nilirudi peke yangu. Nililala Kitale, nikachukua bodaboda alfajiri, nikapanda jukwaa la mbao lililojengwa mtini kando ya kinamasi, nikaketi. Baridi ilinipenya hadi kwenye mifupa. Kwa zaidi ya saa moja sikuona kitu ila ukungu na korongo wawili wenye taji. Kisha matete yalitikisika upande mmoja tu, ingawa hapakuwa na upepo, akatokea jike mwekundu asiye na pembe, maji yakimfika tumboni, manyoya yamemlowa na kushikamana, unyasi ukining'inia mdomoni. Alitafuna, akasimamisha masikio, akatazama nilipo. Nilipomeza mate alizama taratibu, zikabaki pua juu ya maji. Baadaye, kwenye tope kando ya njia, niliona nyayo zake: kwato mbili nyembamba, ndefu kama vidole vya mkono, zilizopanuka ili asizame.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fika alfajiri au ungoje jioni, kwa kuwa mchana nzohe hujificha. Nenda kati ya Desemba na Februari, wakati njia zimekauka. Ukienda msimu wa mvua, usimfuate nzohe. Yafuate maua, hasa lile jekundu la mviringo lenye nyuzi nyingi kama brashi, ambalo huchomoza kwenye shina tupu mvua zinapoanza, na watu hulikanyaga wakitafuta wanyama wakubwa. Mtafute pia kalasinga, tumbili mwenye ndevu nyeupe, ambaye hukaa kimya mtini hata ukapita chini yake bila kujua. Huenda ndiye uliyemwona na kumdharau. Beba sweta na viatu vya mpira. Zaidi ya yote nyamaza, na ukishanyamaza uendelee kunyamaza. Sisi Wakenya tumezoea kudhani kwamba tukishalipa kiingilio mnyama ana deni letu, tunafika mbugani kama wakaguzi, tunapiga kelele, kisha tunarudi kusema hapana kitu.

Msomaji wangu ameahidi kurudi Januari. Ameomba nimtumie picha ya yule jike ili ajue anachokitafuta, lakini sina, kwa sababu simu ilikuwa mkobani na niliogopa kufungua zipu. Hicho ndicho walimu wenzangu wanachokishikilia hadi leo.