Land Rover ya babu imelala bandani

SWALI: Fundi, shikamoo. Babu yetu alifariki akaacha Land Rover Series IIA ya petroli bandani kwake, Tukuyu. Imelala zaidi ya miaka 20, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Kadi ipo, ina jina la babu. Nianzie wapi?
Mjukuu, Rungwe

JIBU: Marahaba, mjukuu. Kwanza usiguse stata! Najua mkono unakuwasha. Mimi yangu, kule Mafinga, niliilazimisha nikapinda pushirodi mbili, vile vyuma vyembamba vinavyosukuma valvu za injini. Fungua plagi, mimina oili kidogo kila silinda, iache siku mbili tatu, kisha izungushe polepole kwa hendeli ya mbele. Ikikubali, mwaga petroli iliyolala, safisha tangi na kabureta. Breki usiziamini hata kwenye tambarare, raba zake zimeshakauka.

Halafu ingia uvunguni na nyundo ndogo. Bodi ni ya alumini, itakudanganya. Chesisi ni chuma, na mvua za Rungwe unazijua mwenyewe. Gonga, hasa kule nyuma. Panapolia "pu" badala ya "ngi" pameoza, na hapo mchomeleaji anatangulia mpiga rangi.

Karatasi: ndugu mkae, mahakama imthibitishe mmoja wenu kuwa msimamizi wa mirathi, ndipo TRA wabadilishe jina. Kabla ya kwenda, sugua kutu taratibu usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, uilinganishe na ya kwenye kadi.

Kuku watafutie pengine.