Jibu: Simu badala ya daftari kwenye kuhesabu viota vya sokwe

Mkuu, umeuliza kama simu inafaa kuhesabia viota vya sokwe huko kusini mwa Kigoma ambako mtandao hakuna. Inafaa, wala mtandao usikutie hofu. KoboCollect au ODK Collect, programu za simu za kujazia fomu, zinahifadhi fomu ndani ya simu. Ukifika penye mtandao unazituma zote. GPS nayo haili bando, inasoma setilaiti moja kwa moja. Ila chini ya miti minene vuta subira, usihifadhi mpaka kosa la GPS, yaani kiasi inachoweza kupotoka na mahali ulipo, lishuke chini ya mita 10.

Kazi kubwa iko kwenye kutengeneza fomu. Umri wa kiota usiache watu waandike watakavyo. Weka machaguo manne: kibichi, cha karibuni, kikuukuu, kilichooza. Majina ya miti yawe orodha, na uweke ya Kitongwe au Kiha kando ya ya kisayansi, maana wasaidizi wako wenyeji wanaijua miti kuliko sisi tuliosomea darasani. Urefu uwekee kikomo, mtu asije akaandika mita 150 badala ya 15.

Sisi tulipoteza kazi ya siku mbili kwa simu kulowa mvua kabla hatujanakili data. Iliniuma sana. Sasa simu inakaa kwenye mfuko usiopitisha maji, na kila jioni, kabla ya kula, nanakili kwenye kompyuta. Chaji beba pawabenki mbili. Daftari na penseli usiviache kambini, tafadhali, viwe akiba simu ikigoma.