Kwanza tuongelee sare

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mzazi mzee anayeishi peke yake, ni shughuli gani za gharama nafuu zinazoweza kumkutanisha na watu? Nilisoma nikiwa kwenye cherehani, nikasimamisha pedali. Hayo maneno "gharama nafuu" ndiyo yaliyonichoma.

Nani kawaambia kukutana na watu ni nafuu? Labda kwa mwanaume. Mzee jirani yetu kule Iringa, masika yakiingia, anashuka kilabuni kwa ulanzi tangu saa nane mchana, na hata akiwa hana kitu wenzake wanampitishia kikombe. Hakuna anayemwandika jina. Mama asiyekunywa je? Ana jumuiya, ana kikundi cha kufa na kuzikana, ana kikoba, ana kipaimara cha mtoto wa huyu na sendofu ya binti wa yule. Kote huko kuna mchango, na siku hizi kuna sare. Najua ninachosema: mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, na sare ndizo zinazonilipia pango. Akina mama 20 wakikubaliana kitenge kimoja, kwangu hiyo ni ada ya mtoto.

Mama yangu ana miaka 74, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, anaishi Kihesa, Iringa. Baba hayupo tena, mimi niko Mbeya, kaka yuko Dar. Mwaka jana mwezi wa saba nikawa nikipiga simu Jumamosi asubuhi namkuta nyumbani, saa ambayo miaka yote yuko jumuiya. Jumamosi ya kwanza akasema baridi. Ya pili, goti. Ya tatu akasema, "Kwani Mungu hanioni nikiwa jikoni?" Hapo nikajua pana jambo, maana mama si mtu wa kumfanyia Mungu utani.

Nikapanda basi la alfajiri. Makambako mizani ikatuweka, Mafinga tukanunua mahindi ya kuchoma, kufika stendi ya Igumbilo jua limeshageuka. Bajaji hadi Kihesa. Namkuta kajifunika blanketi kando ya jiko la mkaa, redio inasema peke yake. Shikamoo, marahaba, za Mbeya, za huko. Nikauliza kabla sijavua viatu. Hasemi. Usiku, tukimenya njegere, ndipo akalitoa: kikundi cha kufa na kuzikana kimepitisha sare, doti moja 26,000, kushona juu yako. "Nikae msibani kama mgeni aliyepotea njia?"

Niliona aibu ya peke yangu, kwa kazi hii ninayoifanya. Kesho yake nikaenda mjini kununua kitenge hichohicho, nikampima pale uani. Urefu umepungua inchi mbili tangu nilipomshonea gauni la msiba wa baba, sikumwambia. Nikarudi nacho Mbeya, nikakishona usiku, nikaweka lesi shingoni bila kuombwa, nikatuma kwa basi. Jumamosi nikapiga simu. Yuko nyumbani.

Aliyenipa ukweli ni jirani ambaye namwita shangazi. Miaka yote misiba ya mtaa ule, anayeandika rambirambi alikuwa mama. Nami nimemwona mara nyingi, ila sikuwahi kuliweka maanani. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, kaunta buku la kwaya 3 magotini, limejaladiwa gazeti, peni imefungwa uzi isitoroke. Anaandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama kama watoto mstarini. Halafu anasoma kwa sauti: "Elfu mbili, imepokelewa, pole na wewe." Huwezi kuingia msibani bila kupita kwake, na huwezi kupita bila "Kamwene, mwalimu" na kuulizwa habari za watoto mmoja mmoja. Wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha kusoma.

Uongozi mpya wa kikundi ukahamishia michango kwenye simu. Unatuma kwa namba ya mhazini, jina lako linatokea kwenye grupu la WhatsApp. Mama ana simu ya kitochi. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyemkumbuka pia. Nadhani sare aliisema kwa kuwa ukosefu wa hela unatamkika, ila "siku hizi hawanihitaji" hutamki mbele ya mwanao.

Mwezi wa tisa akafariki mzee mmoja wa mtaani, ndugu zake wakashuka kutoka Kilolo na hela mkononi, nyingi zimekunjwa kwenye pindo za khanga, na mtandao siku hiyo uligoma. Kijana wa mhazini akaja mbio kugonga: "Shikamoo mwalimu, lile daftari bado lipo?" Shangazi anasema mama alitoka na khanga ya kushindia, sare ameiacha kwenye sanduku. Alikaa hadi usiku. Kesho yake alinipigia yeye, kwa vocha yake, akanihesabia nani alikuja, nani hakuja na nani kanenepa.

Sasa nimeanza barua hii nikiwa na hasira za hela, na hapa nilipofika sina uhakika nazo tena. Nilipomsomea swali lenu, mama alicheka akasema shughuli nafuu kuliko zote ni foleni ya dirisha la wazee hospitali: saa 12 asubuhi mpo wote, halipi mtu, na habari za mji mzima unazipata kabla daktari hajafika. Sera ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo amefaidi foleni hiyo kwa miaka 14.

Kama mnataka ushauri wangu, msikimbilie kumtafutia mzazi shughuli. Waulizeni majirani ni kazi gani alikuwa akiifanya pale mtaani, na nani kaichukua. Lakini hela za michango mtumieni hata hivyo. Mimi natuma 10,000 kila mwezi, ingawa kaka anasema namdekeza. Na kama mzazi wako hakuwa mtu wa watu tangu ujana, mwacheni na redio yake. Baba angekimbia nyumba mngemletea kikundi.

Gauni la sare amelivaa mara moja tu, Krismasi. Anasema linambana makwapani. Nilipima mwenyewe, halimbani.