Picha za kiharusi: soma kidonda kipya kwanza, madoa ya zamani baadaye

Mgeni akifungua MRI ya mgonjwa wa kiharusi cha kuziba ateri, jicho hukimbilia FLAIR (picha za MRI zinazozima ung'avu wa maji ya ubongo) kwa sababu ndiko kuna meupe mengi. Jizuie. Anza na DWI (picha za jinsi maji yanavyosambaa ndani ya tishu), na ramani ya ADC (kipimo cha msambao huo) pembeni yake. Kidonda cha siku chache hung'aa kwenye DWI na huwa cheusi kwenye ADC. Kiking'aa kote kuwili, yaelekea unaona mng'ao wa T2 (ung'avu wa picha za T2 unaopenya hadi kwenye DWI) wa kidonda kilichokwisha kukomaa. ADC yenyewe hurudi karibu na kawaida baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo usisome kabla ya kujua dalili zilianza lini.

Kisha hesabu vidonda vipya na utaje kila kimoja kiko eneo la ateri ipi. Vikitawanyika kulia na kushoto, au mbele na nyuma kwa pamoja, fikiria bonge la damu kutoka moyoni au kwenye tao la aota (pindo la ateri kuu inayotoka moyoni). Vikiwa upande mmoja, vimepangana kama shanga kwenye mpaka wa ndani wa maeneo ya ateri, kakague karotidi (ateri kubwa ya shingo) ya upande huo.

Kidonda kimoja kidogo cha ndani ndicho kinachodanganya wengi. Ili kihesabiwe cha mishipa midogo, vigezo vya TOAST (mfumo wa kuainisha vyanzo vya kiharusi) vya 1993 vinataka kipenyo chini ya milimita 15; vile vya STRIVE (viwango vya kuripoti picha za ugonjwa wa mishipa midogo ya ubongo) vinakubali kidonda kipya hadi milimita 20 kwenye mkato wa mlalo. Taja umetumia kipi, la sivyo namba zako hazitalingana na za mwenzako. Tena udogo pekee hautoshi. Kidonda cha ponsi (sehemu ya shina la ubongo) kinachofika hadi uso wake wa mbele mara nyingi kinatokana na utando wa mafuta kwenye ateri ya basila (inayopita mbele ya ponsi) uliofunika mdomo wa tawi, hata kama TOF (picha ya MRI ya ateri) inaonyesha ateri pana, maana TOF huonyesha mkondo wa damu, haionyeshi ukuta.

Sasa ndiyo zamu ya madoa ya zamani. Meupe ya mata nyeupe (tishu ya nyuzi za neva ndani ya ubongo) yapime kwa kipimo cha Fazekas, 0 hadi 3, kando ya ventrikali (vyumba vya maji ubongoni) na ndani kwa alama tofauti. Lakuna ni tundu la milimita 3 hadi 15 lenye maji, mara nyingi na ukingo mweupe kwenye FLAIR. Nafasi inayozunguka mshipa kwa kawaida haifiki milimita 3 na haina ukingo huo. Vitone vya damu vitafute kwenye SWI (picha za MRI zinazonasa mabaki ya damu), ukipanda na kushuka mkato kwa mkato: kinachoendelea kama uzi ni mshipa, na chokaa (kalisi iliyojikusanya) utaibaini kwa CT. Usilinganishe idadi ya SWI na ya GRE (mbinu nyingine ya MRI ya kunasa mabaki hayo), kwani SWI huona vingi zaidi. Vitone vya ndani huelekeza kwenye shinikizo la damu, vya gambani (tabaka la nje la ubongo) pekee kwenye amiloidi (protini inayojikusanya kwenye kuta za mishipa).

Madoa haya yanaeleza ubongo umepitia nini, hayasemi ni nini kimeziba leo. Mzee mwenye mpapatiko wa atiria (mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio) anaweza kuwa na Fazekas 3 na bonge lake likatoka moyoni. Kukiwa na vyanzo viwili vyenye uzito, TOAST humweka mgonjwa kundi la chanzo kisichobainika, mwache huko. Na kama mapigo ya moyo hayajafuatiliwa, usiandike “chanzo ni moyo”. Andika “mpangilio unaolingana na bonge lililosafiri”, kisha orodhesha ateri zilizokaguliwa na zile ambazo hazikukaguliwa.